Dodoso la Heru Juu

Muhula wa mwisho wa masomo yangu ya biashara niliuishi kama siku moja iliyorudiwarudiwa. Asubuhi niliamka katika chumba nilichopanga na mwenzangu wa darasa, Kasulu mjini, nikanawa maji ya ndoo yaliyolala na baridi, nikanywa uji, kisha nikasimama mbele ya nguo zangu nikijiuliza leo niende nikiwa nani. Nikapanda pikipiki hadi Heru Juu kuwauliza maswali wanawake wanaouza unga wa muhogo. Mchana nikarudi chuoni kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi wangu wa utafiti, ambaye mara nyingi hakuwepo. Jioni nikarudi chumbani na karatasi zangu, nikazisoma upya, nikaona hazisemi kitu. Kesho yake nikaanza tena.

Suala la nguo lilinichosha kuliko masomo yenyewe. Nikivaa sketi ya chuo na viatu vya kufunika, wale wanawake wangenidhani afisa. Nikivaa kitenge na kandambili, wangenidhani mtoto wa jirani aliyekosa kazi ya kufanya. Mwishowe nilivaa kitenge chini na koti la suti juu, nikafanana na mwalimu wa chekechea anayekwenda msibani. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nivue koti au nilifunge vifungo.

Dereva wa bodaboda alikuwa yuleyule karibu kila siku.

"Dada, hivi wewe ni wa shirika gani?"

"Mimi mwanafunzi, kaka."

"Sawa. Hata wale wa mwaka jana walisema ni wanafunzi."

"Wale wa mwaka jana walikuwa nani?"

"Si wanafunzi." Akacheka peke yake mpaka kwenye kona. "Ila ukianza kuandikisha, usinisahau. Nina watoto sita."

"Jana ulisema wawili."

"Jana ulikuwa hujavaa koti."

Nilikuwa na sababu moja ya kuhangaika hivyo. Kibondo mjini kulikuwa na ofisi ndogo ambako nilikuwa nimefanya mafunzo kwa vitendo likizo iliyotangulia. Siku ya kuondoka, mkuu wa ofisi alinionyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha, mahali alipokaa karani mzee aliyekuwa anastaafu. Akasema, "Binti, maliza mwaka huu uje na cheti chako. Kiti hiki mwakani sitakuwa na namna ya kukishikilia." Nilikiangalia kile kiti kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kuangalia kiti. Mama yangu, anayeishi kijijini kwenye barabara ya kwenda Nduta na kuuza unga wa muhogo hadi leo, alishaliambia kanisa zima kwamba nimepata kazi. Mitihani nilikuwa nimeshaifaulu. Kati yangu na dirisha lile kulibaki utafiti peke yake: niukabidhi, msimamizi aukubali, jina langu liende na la wenzangu.

Nilichagua kuchunguza kinachokwamisha biashara za wauza unga kwa sababu nilidhani naijua biashara hiyo kutoka nyumbani. Dodoso niliandika kwa Kiingereza, chuo kikalipitisha. Nikalitafsiri kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye milango ya watu nikawa nalitafsiri tena kwa Kiha, na likifika huko swali langu zuri lilikuwa limebaki hivi: "Kwa nini biashara yako haikui?" Mama wa watu ananitazama kama nimeuliza kwa nini mtoto wake hakui.

Mwenzangu wa chumba hakuwa na shida hizo. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikamkuta amekaa mlangoni, madodoso yake yote mapajani, na mbele yake kalamu za rangi mbalimbali. Alikuwa akijaza mwenyewe. Mengine aliandika kwa mkono wa kushoto. Alipochoka, aliyakunja baadhi, akaweka kikombe cha chai juu ya moja ili kiache duara, kisha akainama chini ya kamba yetu ya nguo, akachota udongo mwekundu kwa vidole, akaanza kuzipaka karatasi taratibu kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

"Unafanya nini?"

"Niko fildi," akasema. "Shosti, mbona umesimama? Njoo ufanye na wewe."

"Si ni uongo huo?"

"Na wale wa Heru Juu wanakwambia ukweli?"

Hawakuwa wakiniambia ukweli. Nilikaa kitandani nikifikiri kama uongo ninaoufuata kwa miguu yangu una heshima kuliko uongo unaotungwa mlangoni. Niliamua kwamba unayo. Nadhani nilihitaji kuamua hivyo kwa sababu nauli nilishaitumia.

Jumatano ya wiki ya mwisho nilikwenda kwa mama mmoja ambaye nilikuwa nimemweka akiba. Nilijua unga wake. Ulikuwa ukiuzwa sokoni Kasulu, mweupe, laini, na wauzaji wenzake walimtaja kwa wivu. Nilijiambia kwamba huyu ana biashara kubwa mno, hawezi kuificha.

Nilimsalimia kwa Kiha. "Mwakeye." Akaniitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mihogo, za wagonjwa, kisha tukazirudia zote tangu mwanzo kama inavyotakiwa. Akaniita mwana wanje, yaani mwanangu. Uani kulikuwa na harufu ya muhogo uliolowekwa, harufu ya kwetu.

Nikatoa karatasi. Hapo hapo akahamia Kiswahili.

"Karibu, mheshimiwa."

Akageuka akaita ndani kwa Kiha. Watoto wawili waliokuwa wakicheza walivua ndala bila kuambiwa mara mbili wakazisukuma nyuma ya mtungi. Binti mkubwa akaingia jikoni akatoka na bibi kizee amemshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka mbele yangu, akamfunika blanketi mabegani, jua lote lile.

"Huyu ndiye mzigo wangu," mama akasema.

Bibi akanitazama kwa furaha, kisha akamgeukia yule mama akauliza kwa Kiha, bila kujua kwamba nilikuwa nimetoka kusalimia kwa lugha hiyohiyo: "Nianze kukohoa sasa, au bado?"

Sikucheka, wala sikukasirika. Mchezo ule niliujua, nilikuwa nimeucheza.

Nilikuwa shule ya msingi wakati kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena. Magari yalianza kupita barabarani kwetu, na watu wenye karatasi wakawa wanaingia vijijini. Siku walipoingia kwenye uwanja wetu nilikuwa nimevaa viatu vipya vya shule. Mama alisema neno moja tu: "Vua." Nikasimama mlangoni peku, nikijitahidi kuonekana mwembamba. Mama akawaambia hatuna kitu, tunaomba msaada. Wakaandika. Walipoondoka akaniambia nivae viatu nikamsaidie kujaza magunia.

"Mama, umewadanganya."

"Nimewajibu," akasema. "Mtu akija na karatasi, ama anataka kukupa, ama anataka kukutoza. Wa kukupa, aone huna. Wa kukutoza, aone huna. Sasa nimuulize wewe ni yupi, ili iweje?"

Wazo kwamba kuna mtu wa tatu, anayekuja na karatasi ili yeye mwenyewe afaulu, halikuwepo kichwani mwa mama yangu. Halikuwepo kwa mtu yeyote kuanzia Kibondo hadi Heru Juu. Na mimi, niliyevuliwa viatu, nilitumia muhula mzima nikizunguka na karatasi, nimevaa koti, nikishangaa.

Niliendelea na kazi.

"Mama, kwa mwezi unauza magunia mangapi?"

"Magunia? Hayo ni ya matajiri, mheshimiwa. Mimi nauza kikombe kikombe."

Nyuma yake kulikuwa na turubai limefunika kitu kirefu kunipita.

"Na pale mmefunika nini?"

"Kuni."

"Zote zile?"

"Baridi ya huku si unaijua?"

Tulikuwa bado hapo fuso lilipoingia. Vijana wakashuka, wakavuta turubai, wakaanza kupakia. Kila walipobeba gunia, vumbi jeupe liliwadondokea kichwani na mabegani. Mama hakugeuka hata kidogo. Alinitazama usoni kwa utulivu kama mtu anayesikia mvua ya kijiji kingine.

"Mama," nikasema, "kuni zinaondoka."

"Ni za shemeji."

"Shemeji naye anauza kuni?"

"Shemeji ana kuni nyingi sana."

Bibi akaangua kicheko. Kisha akakumbuka, akakohoa.

Ningecheka pamoja nao kama keshokutwa yake isingekuwa Ijumaa, siku ya majina ya wahitimu kupelekwa. Niliacha Kiswahili, nikamwambia kwa Kiha kwamba mimi sigawi kitu na sitozi kitu, natafuta cheti tu, na bila majibu ya kweli sitakipata. Akaniangalia kwa huruma halisi.

"Basi andika tunaomba msaada," akasema. "Ukiandika hivyo huwa wanakubali."

Nikaandika. Nilipokunja karatasi na kuirudisha kwenye mkoba, akarudi kwenye Kiha, nikawa tena mwana wanje. Akanishika mkono juu ya kiwiko akaupima kwa vidole. "Mwana wa watu umekonda. Huko chuoni mnakula nini?" Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa unga mzito hata nikauhisi begani. Mwanamke asiye na biashara alinipa unga wa kunitosha mpaka mwisho wa muhula, na hakutaka asante.

Nikaupakata kwenye pikipiki. Dereva akauliza, "Kumbe leo wao ndio wamekugawia?" Nilikuwa nikiwaza nitamwambia nini msimamizi.

Msimamizi wangu alikuwa kijana bado, mpole wa sauti, aliyehamishiwa Kasulu kutoka pwani. Alivaa sweta hata saa saba mchana, na juu ya meza yake kulikuwa na tafiti zimepangwa hadi usawa wa kidevu. Sikumchukia, na sijui kama ingekuwa nafuu kumchukia. Aliniangalia kuanzia mabegani.

"Unatoka jikoni?"

Nikajitazama. Koti lilikuwa limejaa unga.

"Natoka Heru Juu, mwalimu."

Akachukua madodoso yangu akaanza kufunua. "Huyu anasemaje? Hana biashara, anaomba msaada. Huyu? Hana kitu, anaomba msaada. Huyu?"

"Anaomba msaada, mwalimu."

"Wote?"

"Kuna mmoja anaomba bati."

Akaziweka chini, akazisawazisha kingo kwa viganja. "Binti, nimesoma madodoso mengi tangu nije hapa. Watu hawafanani hivi. Ukiona majibu yanafanana hivi, ujue ni mtu mmoja amekaa chumbani kwake anajaza."

Mwanzo sikuelewa. Nilidhani anazungumzia mtu mwingine, nikakaribia kuitikia kwa kichwa. Kisha nikaelewa.

"Mwalimu, nimekwenda mwenyewe. Wananificha. Leo nimeona magunia kwa macho yangu yanapakiwa kwenye gari. Naweza kuandika nilichoona?"

"Dodoso lako lina sehemu ya mambo uliyoyaona?"

"Halina."

"Basi hukuyaona."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananifundisha. Akanyoosha mkono kwenye rundo, akavuta madodoso mengine, akayafunua mbele yangu. "Ona hii kazi. Huyu biashara inakua, huyu imekwama, huyu ameanza upya baada ya ugonjwa. Hawa ndio watu. Na ona." Akapitisha kidole pembeni mwa karatasi akakionyesha. "Unaona udongo huu? Huyu alikwenda."

Niliujua udongo ule. Ulitoka chini ya kamba yetu ya nguo. Ulishawahi kuniharibia shuka jeupe, na duara la chai lilikuwa la kikombe changu.

Nilikuwa na muda wa kusema. Alikuwa akinisubiri, kidole chekundu bado kiko juu. Nikafikiri: nikisema, mwenzangu anapoteza mwaka, na mimi siupati wangu. Nikafikiri tena: ataitwa, atasema anayejaza chumbani ni mimi, na ushahidi wote uko upande wake. Karatasi zake zina udongo, zangu safi, kwa sababu nilizitunza ndani ya mfuko wa plastiki njia yote zisichafuke. Nikafikiri jambo la tatu, ambalo lilikuwa la kijinga, kwamba nyumbani zamu ya kupika ni yake. Nilipomaliza kufikiri alikuwa ameshafunga faili.

"Majina yanakwenda Ijumaa mchana," akasema. "Niletee majibu yanayoeleweka."

Mwenzangu alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo nilipoingia. Nilimweleza yote, hata habari ya udongo. Alicheka mpaka akalala chali, kisha akaona uso wangu akaacha. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeniuguza malaria mwaka wa pili. Akasonga ugali kwa unga ule nilioleta.

"Unga mzuri. Wa nani?"

"Wa mama mmoja hana biashara."

Akamega tonge. "Kalamu zile pale. Kesho huendi popote. Kaa, jaza, tuhitimu."

Alhamisi nilikaa. Nilikuwa nimeshindana na nafsi yangu usiku kucha na asubuhi nikajisalimisha, na nitasema wazi kwamba nilijisalimisha kwa ajili ya kiti cha dirishani. Nikachukua dodoso jipya na kalamu ya bluu. Swali la kwanza lilikuwa umri. Nikampa miaka arobaini. Swali la pili, ndoa. Hapo nikakwama. Akiwa na mume, mume anasemaje kuhusu safari zake za kufuata muhogo Kasanda? Akiwa mjane, nani anambebea? Nikamfanya mjane. Kisha nikampa watoto watano, na nilipofika kwenye idadi ya magunia nikaona watoto wale hawawezi kushiba kwa magunia niliyopanga kumwandikia. Nikayaongeza. Yalipoongezeka, hapakuwa tena na sababu ya biashara yake kukwama, na utafiti wangu ulihusu kukwama. Nikarudi kupunguza watoto. Nilipofuta mmoja, nilijisikia vibaya kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

"Umefika wangapi?" mwenzangu akauliza mchana.

"Bado huyu. Paa lake linavuja, na mvua ndiyo hizi. Unga atauweka wapi?"

"Nani?"

"Huyu."

Akachungulia karatasi. "Shosti, huyu HAYUPO!"

"Najua."

"Sasa mvua inamnyeshea nani?"

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa na wanawake wawili. Walikuwa wazima kabisa. Ningeweza kuwatambua njiani. Madodoso yaliyobaki yalikuwa matupu, na mwenzangu hakuweza kunisaidia kwa sababu kila alipoandika jambo nilimuuliza kwa nini. Saa tano nikawaacha wale wawili mezani, nikabeba madodoso yangu ya kweli yenye uongo wa kweli, nikampelekea msimamizi. Aliyafunua kidogo. Aliona ni yaleyale.

"Tutaonana mwakani," akasema, na akanikumbusha nifunge mlango, kuna baridi.

Nilimpigia mama nikiwa nimekaa kwenye lile benchi.

"Mama, nimekwama. Sihitimu na wenzangu."

"Umefeli mtihani?"

"Sijafeli. Ni majibu. Watu niliowauliza wote wamesema hawana kitu."

Nilisikia kuku wetu kwenye simu.

"Sasa ulitaka wakujibuje?" akauliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua.

Kibondo nilikwenda mwenyewe kumweleza mkuu wa ofisi, ingawa hakuwa ameniita. Niliandaa maneno njia nzima, nikayabadilisha, nikayarudisha. Nilipoingia, kwenye kiti cha dirishani kulikuwa kumetundikwa sweta la mtu. Mwenye sweta hakuwepo, labda alikwenda chai. Nikamsalimia mkuu, nikasema napita tu.

Mwaka uliofuata nilirudi Heru Juu bila koti. Nilimkuta mama yule uani, na kabla hatujamaliza salamu nikamwambia.

"Mama, mwaka jana mlinifelisha."

"Sisi? Tulikufanya nini?"

"Wote mlijibu kitu kimoja. Chuoni wakasema nimetunga."

Alishika kifua. Aliumia kweli. Akatuma mtoto kuwaita wenzake, wakaja wakakaa kwenye mikeka, akawaeleza kwa Kiha kwamba mtoto huyu amepoteza mwaka mzima kwa sababu yao.

"Kumbe alitaka tutofautiane!" mmoja akasema. "Si angesema?"

Nikasema hapana, nataka ukweli tu. Hakuna aliyenisikia. Walishaanza kugawana.

"Mimi niandike biashara ilikua, halafu ikaungua."

"Mimi ya kwangu mume amekunywa mtaji."

"Mimi sinywi!" sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya nyumba.

"Nyamaza, tunamsaidia mtoto apate cheti!"

"Basi niandikeni mgonjwa!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Bibi, aliyekuwa bado hai na hakuletewa blanketi siku hiyo, alitaka aandikwe mwenye mashine ya kusaga. Nikamwandika. Nikawaandika wote, kila mtu na msiba wake, na mkono wangu haukukwama hata mara moja, kwa maana hawa walikuwepo na kila nilipouliza kwa nini walikuwa na jibu. Msimamizi alisoma huku akiitikia kwa kichwa. "Sasa hapa umefanya kazi," akasema. Nilipata alama nzuri. Utafiti ule uko kwenye rafu chuoni, umejalidiwa, na unasema kwamba kinachokwamisha wauza unga wa Heru Juu ni moto, maradhi na waume walevi. Lile fuso halimo.

Sasa niko nyumbani kwa mama, kwenye barabara ya Nduta. Mwenzangu wa chumba ameajiriwa na mradi mmoja, anasimamia watu wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza maswali. Huwa ananitumia ujumbe kwamba nafasi zikitoka atanikumbuka, na naamini atanikumbuka. Mimi nanawa mikono, nachekecha unga, nafunga magunia. Siku nyingine napeleka maombi ya kazi Kibondo na kurudi.

Juzi nilikuwa nimetoka huko kupeleka maombi, bado nimevaa viatu vya mahafali, pikipiki ikasimama uwanjani. Akashuka binti mwembamba, mkoba kifuani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo changu. Anachunguza wahitimu wamefikia wapi. Alipotoa karatasi, nilisikia nyuma yangu mama akivuta turubai juu ya magunia. Kisha kwa sauti ya chini, kwa Kiha: "Vua."

Sikuvua.

"Dada, umeajiriwa?" binti akauliza.

"Hapana."

"Umejiajiri?"

"Hapana. Namsaidia mama."

"Una kipato chochote chako mwenyewe?"

"Sina kitu."

Akasimamisha kalamu. Akaangalia viatu vyangu, kisha turubai, kisha mama aliyekuwa amekaa chini ghafla na kushika kiuno. Niliujua mwendo wa macho yale. Nilitaka kumwambia kwamba hili ni jibu la kweli, pengine ndilo jibu la kweli la kwanza atakalolipata wiki hii, alipigie mstari. Lakini nilipolijaribu kichwani lilisikika kama wanavyosema wote.

"Wenzako wengi wamenijibu hivyohivyo," akasema kwa unyonge. Nikaona hajalala vizuri.

"Msimamizi wako anataka lini?"

"Ijumaa."

Nikavuta kigoda nikamkalisha. Nyuma yangu mama alishainuka, anatafuta mfuko wa kumtilia unga.

"Futa hilo," nikamwambia. "Andika nimeajiriwa. Kibondo mjini, ofisini. Nakaa karibu na dirisha."